Baba Nani

Jumanne saa moja jioni nashuka tramu Hillsborough.
Mvua ya Sheffield hainyeshi, inaning'inia tu.
Nasukuma mlango wa nyuma wa maktaba:
viti saba vya plastiki, biskuti, birika linalolalamika.
Mara ya kwanza nilisema nimekosea chumba.
Philippa akajibu, "Wote husema hivyo. Chai?"

Kwetu Tanga mtu mzima haitwi jina lake, huitwa la mwanawe:
Baba Saumu, Mama Chande, Baba Pili.
Mimi nina miaka arobaini na moja na nusu ya jina.
Shangazi akipiga simu husema, "Baba..."
kisha hukohoa.

Karatasi ya hospitali ilikuwa na sifuri.
Si chache, si dhaifu. Sifuri,
mviringo kama bangili ya mtoto mchanga.
Daktari akaizungushia wino, kana kwamba ingetoroka.
Salha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake, si mwangu.
Garini akasema, "Nyumbani tutasema ni mimi."
Nami (hapa ndipo sauti hunikauka)
nami nikawasha injini. Nikasema, "Haya."

Miaka sita mama akatuma mizizi kwa kila msafiri,
imefungwa gazetini: mpe mkeo, kutwa mara tatu,
asitie sukari.
Salha akaichemsha. Akainywa.
Angeweza kuimwaga, nani angejua?
"Uongo mmoja unanitosha," alisema,
na jikoni kukanuka gome lililooza,
nami sebuleni naongeza sauti ya mpira.

Katika duara letu Gareth, dereva wa lori,
huongea akitazama viatu.
Mwaka juzi alipaka chumba kidogo rangi ya manjano;
sasa humo mna baiskeli isiyo na mnyororo.
Sukhdev hutengeneza mabomba. Asema kila nyumba aingiayo,
juu ya friji, pamebandikwa jua lenye macho na miguu.
Hapa hakuna anayempa mwenzake dawa.
Hakuna asemaye Mungu atajalia.
Mtu akilia tunamngoja, basi.

Wiki ya tano Philippa akauliza,
"Katika lugha yako, hali hii inaitwaje?"
Nikasema: tasa. Nikajisahihisha.
Hilo tumewapa wanawake, na mbuzi.
Lipo jingine, mgumba, linaloenea hata kwetu,
ila sijapata kulisikia likielekezwa kwenye kanzu.
"Liseme tena." Nikalisema.
Gareth akajaribu, "Um-gum-ba," mdomo umejaa makombo,
tukacheka, mimi wa kwanza,
na ndani ya kicheko kitu kikakatika,
nikalia mbele ya wanaume watano na Philippa,
biskuti ya tangawizi ikilowa mkononi.

Usiku ule sikupanda tramu. Nilipanda mlima kwa miguu,
nikampigia mama kabla sijatia ufunguo mlangoni.
"Mizizi usitume tena. Ni mimi."
Nikasikia akizima redio.
"Tangu lini?"
"Tangu mwanzo."
"Na mkeo alikuwa akinywa?"
"Alikuwa akinywa."
Hakunilaani. Pole pia hakunipa.
Alisema, "Mpe simu mwenzako."

Sijui walisemezana nini. Nilikaa ngazini na koti la maji,
nikamsikia Salha akisema "hapana, mama" mara tatu,
kisha kimya kirefu, kisha "ndiyo",
kisha mlango wa kabati,
na vitu vikavu vikianguka ndani ya pipa.

Jumanne nitakwenda tena. Sifuri ni ile ile.
Salha ameuliza kama wanawake nao wana duara lao.
Wanalo, Alhamisi.
Nimemwambia awahi, biskuti za tangawizi huisha mapema.